Mguu wa Shangazi Shinuna

Saa nane usiku, Khasab. Kiyoyozi kinapiga chafya.
Navaa visikizio, naifungua bahari.

Kwanza ni kamba, wale wadogo wa mwambani,
wanaalisha magando yao maelfu kwa maelfu:
mafuta ya bajia yaliyokolea moto.
Ukikaa nao mwezi mzima unawasahau,
kama mtu asahauvyo kelele za nyumba yake.
Kisha, mbali, nyuma ya kukaanga huko,
kitu kinapiga hatua.

Mtambo umeshakisikia kabla yangu.
Unachora mistari yake ya kijani kwenye kioo,
unahesabu mapigo ya rafadha, unaandika:
TAGI. ASILIMIA TISINI NA SABA.
Haujisifu. Haukohoi. Unangoja kidole changu
kibonyeze “ndiyo” au “siyo”.

Sikubonyeza.

Mimi nimelelewa chini ya meza ya cherehani,
Wadi Kabir, katikati ya vipande vya satini,
na kabla sijajua kusoma nilijua
nani amekaa juu, kwa mguu wake tu.
Mama alikanyaga kama anayekimbia mvua.
Bi Zamzam alisita penye kila kona.
Na shangazi Shinuna, siku za kushona maturubai,
mguu wake ulikuwa mzito bila kuwa wa polepole:
kitambaa kinene hakina sauti,
mguu ndio unaokisema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tagi hii.
Mapigo manne, manne, sawasawa, hakuna kosa,
ila kila pigo limeinama.
Inakokota kitu.
Kitu kikubwa, kisicho na injini, labda kisicho na taa,
kimya kama turubai.

Nikaandika pembeni: inavuta meli iliyozimika.
Mtambo haukuwa na kisanduku cha neno hilo.
Yakdhani akacheka, akawapigia simu watu wa rada hata hivyo.
Dakika kumi na moja, wakajibu:
madoa mawili, na baina yao mita mia nne za giza.

Msinipigie makofi.
Wiki ile ile niliapa, wallahi niliapa,
kuwa nasikia boti ya Kumzar, injini moja, silinda imechoka.
Mtambo ukaandika asilimia thelathini na moja,
ambayo kwa lugha yake ni “sijui”.
Nikaubishia. Nikabonyeza.
Asubuhi tukairudia sauti ile taratibu:
alikuwa nyangumi, anarudia neno lake moja
kwa subira ya injini.

Tangu hapo naiheshimu ile thelathini na moja.
Wangapi nimewajua, wenye vyeo na vilemba,
wasioweza kuitamka?

Daktari wa masikio Maskati amenionyesha mchoro wangu:
sikio la kulia, mstari unateremka kama ngazi.
Sauti nyembamba zimeanza kuniaga. Nina miaka arobaini na tisa.
Ofisini sijamwambia mtu.
Nimeuambia mtambo tu, kwa kubadili mpangilio:
kila iliyo nyembamba ije kwa rangi nyekundu,
nizione nisizozisikia.

Nao umeongezewa kisanduku kipya. INAVUTA.
Nimeulisha mifano mia mbili na kumi na sita,
ya bahari shwari na ya bahari chafu,
na jana, kabla sijanyanyua kikombe, uliandika wenyewe:
TAGI. INAVUTA. ASILIMIA SITINI NA NNE.

Shangazi hakuwahi kuiona Khasab.
Meli alipanda moja tu, ile iliyomleta kutoka Unguja,
na humo alitapika njia nzima.
Leo mguu wake umo ndani ya kompyuta ya serikali,
unakanyaga, unakanyaga,
na hakuna faili lenye jina lake.

Kidole changu kiko juu ya “ndiyo”.
Sitini na nne si tisini.
Kamba wanakaanga.
Narudisha nyuma, nasikiliza tena.